Mwaka Tulipowasoma Panya

Tunu alinitambua kwa kicheko changu. Ndivyo alivyosema, nami sikubisha, maana kicheko changu hutoka Mazwi kikafika Kasesya, na upepo ukikaa vizuri hata watu wa forodha upande wa Zambia hugeuka kutazama nani anawatania. Tulikuwa ukumbini hapa Sumbawanga mjini, wazee tulioitwa na vijana wa chuo kikuu kimoja waliotaka kujua kama tafiti wanazofanya pamoja na wananchi zinawafaa wananchi au zinawafaa wao wenyewe. Kijana mmoja mwenye suruali ya kubana alisimama akauliza kwa adabu zote, "Wazee wetu, je, mradi umewanufaisha?" Na wazee wote, kama kwaya iliyofundishwa na padre mkali, wakajibu kwamba umewanufaisha sana. Hapo ndipo nilipoangua kicheko. Bibi mmoja wa nywele nyeupe aliyekaa meza ya mbele akageuka, akashusha miwani puani, akasema kwenye kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima, "Deo! Kumbe hujafa?"

"Nikifa nani atacheka?" nikamjibu.

Tulikula pamoja mchana, wali na maharage na vipande viwili vya nyama vilivyokatwa na mtu mwenye roho ngumu, na katikati ya chakula akaniambia kwamba Mwalimu Ndimbo ametutoka. Hakuugua sana, alisema. Alilala mchana, hakuamka. Niliweka kijiko chini. Watu waliolala chini ya bati la ile nyumba ya utafiti mwaka ule tumebaki wawili, na kati ya hao wawili mmoja ana presha na mwingine, yaani mimi, ana maneno mengi. Nikaona heri niyaandike maneno yenyewe kabla sijalala mchana na mimi.

Ile tuliyoiita nyumba ya utafiti ilikuwa ghala la mbolea ambayo haikufika. Ilijengwa haraka, mwaka ule tulipohamishiwa kijijini, na mbolea ikasubiriwa mpaka matumaini yakaota ukungu. Ndipo chuo kikuu kilipoleta watu wake. Mwalimu Ndimbo alikuwa kijana bado, mwenye ndevu nyingi na viatu vya ngozi vilivyo wazi vidole, viatu ambavyo mtu wa nyanda za Ufipa hawezi kuvivaa mwezi wa Juni isipokuwa ameweka nadhiri. Alikuja na wanafunzi watatu. Wawili walikimbia baridi. Nasema walikimbia, si kwamba waliaga: asubuhi moja lori la mahindi lilipopunguza mwendo wao walikuwa juu, na nadhani walishuka walipoona minazi. Akabaki Tunu peke yake, binti wa Tanga, aliyelala amevaa nguo zake zote kwa mpigo hata akawa mviringo kama mtungi. "Baridi hii ya kwenu ina meno," alikuwa akisema kila asubuhi, "na imeniuma mpaka kwenye majina ya babu zangu." Ghala liligawanywa kwa ukuta wa matete. Upande mmoja meza, mikeka na vitabu. Upande wa pili jiko la mafiga matatu, ambapo Mama Leokadia alipika na mimi nilichochea moto. Ukuta ule wa matete ulizuia macho tu. Masikio ulikuwa unayasaidia.

Mimi nilikuwa kijana wa kisomo cha watu wazima. Shule ya mchana ilinishinda nikiwa darasa la tatu, lakini jioni, chini ya karabai ya chama, pamoja na wazee waliotemea tumbaku dirishani, nilisoma kwa njaa ya ajabu. Nilisoma gazeti, nikasoma maandishi ya kwenye magunia, nikasoma debe la mafuta pande zote nne. Leo nikiwaambia wajukuu kwamba cheti changu cha kidato cha nne nilikipata usiku, wanadhani niliiba. Basi Mwalimu Ndimbo alipotafuta mwenyeji wa kufanya naye utafiti, mtu wa kukijua Kifipa cha nyumbani na Kiswahili cha kuandika, alinikuta nimeshajikalisha mezani. Hakuniajiri, alishindwa kuniondoa.

Kikao cha kwanza ndicho kilichonifungua macho, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona msomi akiuliza swali kisha akanyamaza kusubiri. Mwalimu alisema chuo hakikuja na swali. Swali ni letu. Mpango wao, alisema, ni wa utafiti wa pamoja: wananchi wachague tatizo, wananchi wachunguze, na chuo kisaidie. Mwenyekiti wetu, Ndugu Kaspari, mtu mwema aliyependa kaunda suti yake kuliko ng'ombe, alishtuka. "Ndugu Mwalimu, tumetembea tangu alfajiri kuja kusikiliza, sasa unatuuliza sisi?" Watu wakatazamana. Mwalimu alitegemea, nafikiri, tuseme uzalishaji mali au umwagiliaji au jambo lolote lenye herufi nyingi. Mama Leokadia, mjane mwembamba mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, akasema neno moja: "Panya."

Hakuna aliyecheka, na mwenye kutoka mbali angeshangaa kwa nini. Zamani kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake na vihenge vyake vya nafaka, na panya wa kilima hiki hakumjua panya wa kilima kile. Tulipokusanywa nyumba zikapangwa mistari kama askari, vihenge vikasogeleana, na panya wakafanya sherehe. Mimi husema panya ndio walioielewa Ujamaa kuliko sisi sote: waliishi pamoja, wakafanya kazi pamoja, na walichopata wakagawana. Walikuwa wakubwa kama mbwa, na wale wadogo walikuwa kama paka, na paka wenyewe walihamia kanisani. Kihenge cha Mama Leokadia kilifunguliwa mwezi wa kupanda kikakutwa makapi na mavi. Mwanamke aliyekuwa akiwapa wengine mbegu alikwenda nyumba kwa nyumba na kikapu, akiomba mbegu. Mwaka ule hakuimba kanisani. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya lile neno moja.

Tukaanza. Tunu na akina mama walikaa siku nzima wakibishana namna ya kumjua mwizi asiyeonekana, na kilichotoka katika ubishi ule ni majivu. Jioni tulinyunyiza majivu kuzunguka vihenge na chini ya miguu yake. Asubuhi tulikwenda kusoma nyayo. Kisomo kile cha majivu kilinifaa kuliko cha ubaoni. Nilijifunza aliyepita kwa haraka na aliyepita ameshiba, nilijua mwenye mimba, na kulikuwa na mmoja aliyechechemea ambaye nilimpa jina la Kasisi kwa sababu hakukosa kihenge hata kimoja kutembelea. Nilipokosea, akina mama walinisahihisha kwa vijiti: "Huyo siye, Deo, huyo kenge. Umesoma kinyume." Tukirudi tulikuta ugali wa ulezi, mweusi na wa moto, umekaa kwenye ungo kama kilima, na maharage, na siku wafanyabiashara wa Mtowisa wanapopanda mlima, samaki wakavu wa ziwa Rukwa wenye harufu iliyotangulia kufika. Tunu alikula akiziombolezea nazi za kwao. Mwalimu alikula akizungumza. Katika masimulizi yake ya mdomo uliojaa ndimo lilimotoka wazo la kihenge kipya: kisimame mbali na nyumba, juu ya nguzo, na kila nguzo ivalishwe kofia ya bati iliyopinduka, ili panya akipanda agonge kichwa arudi kwa wenzake kuwaeleza. Akina mama wakasema kisifungwe kwa udongo wa kawaida bali wa kichuguu. Mwalimu alikataa, wakapaka wa kichuguu.

Kihenge kilikuwa kinakaribia kumalizika, mahindi yakiwa yamesimama mashambani, ujumbe ulipoletwa na dereva wa lori. Mimi na Mama Leokadia tulikuwa jikoni. Ng'ambo ya matete tulimsikia Mwalimu akiushusha ujumbe ule kwa Tunu kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

"Wanatuma mtu wa kutathmini. Chuo kina mipango ya namna hii mikoa kadhaa, wanataka kujua upi unaendelea na upi unafungwa."

"Na sisi?"

"Akisema tufunge, tunaondoka kabla ya mavuno. Kila kitu kinarudi chuoni. Hata mabati."

"Lakini kihenge hakijatiwa kitu!"

"Ndiyo."

Mama Leokadia aliacha mwiko ndani ya sufuria. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye chuo kikuu. "Watavua bati nguzoni?" akaninong'oneza. "Yaani nimekusanya majivu mwaka mzima, nimebeba udongo kwa kichwa, halafu nisijue? Wao wataenda kujua mengine huko kwao. Mimi nitajua nini?" Siku zile sikuelewa kwa nini hakusema "nitakula nini." Sasa nina miaka ya kutosha kuelewa. Mwaka ulio nyuma njaa ilimkuta hajui imeingilia wapi, na hilo la kutojua lilimuuma kuliko kikapu.

Mwenyekiti Kaspari alipopata habari aliamua kuuokoa mpango kwa nguvu zote za kaunda suti. Aliingia darasani kwetu jioni, akamwomba radhi mwalimu wa kisomo, akachukua chaki. "Ndugu wananchi, anakuja mkubwa kutoka chuo kikuu. Akiuliza mpango ukoje, jibu ni lipi?" Akaandika ubaoni: MPANGO NI MZURI SANA. HAUNA KASORO. Tukasoma pamoja, wazee wakifuata kwa kidole hewani. Mzee mmoja wa kofia ya sufu, ambaye kofia ile aliivua siku ya Pasaka tu, aliuliza, "Na akiuliza tena?" "Unarudia." Tulirudia mpaka karabai ikaanza kupepesa, na mimi, mwenye sauti, niliwekwa mbele kuongoza. Naapa hata panya wa darasani walikuwa wamekwisha kariri.

Mtathmini alifika kwa Landrova. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani mizito na koti la mvua, na jina lake la kwenye karatasi nililisikia mara moja likanipotea. Kijiji kizima kilimwita Mama Tathmini. Hakuwa na kiburi, wala hakuwa na haraka, na ndiyo maana alitutia hofu. Dereva wake, mtu wa Mbeya aliyependa soga, alituambia jikoni huku akimega ugali wetu: "Huyu mama msimwone hivyo. Tulikotoka kote amefunga. Anauliza kitu kidogo tu, anafunga." Mama Leokadia akamwongezea maharage, nadhani kwa matumaini kwamba huruma ya dereva ingempanda bosi wake.

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji, upepo ukituchapa. Mama Tathmini aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akakaa, akauliza mpango ukoje. Tukajibu kama mzinga: "Mpango ni mzuri sana! Hauna kasoro!" Akatabasamu kidogo. Akauliza ni jambo gani lilikwenda vibaya. Hakuna. Ni jambo gani mngelibadilisha? Hakuna. Je, mlibishana na Mwalimu hata siku moja? Hapo mzee wa kofia ya sufu akainuka, na mimi nikashukuru Mungu, nikijua yeye na Mwalimu walikuwa wamegombana wiki nzima juu ya urefu wa nguzo. Mzee akakohoa. "Mpango ni mzuri sana," akasema. "Hauna kasoro." Akakaa. Ndugu Kaspari aling'aa kama bati jipya. Mama Tathmini akaifunika kalamu yake.

Jioni ile chakula kilikuwa kuku. Mama Leokadia alikuwa amechinja jogoo wake wa pekee, yule aliyeamsha kijiji, na Mama Tathmini alikula paja moja akashukuru. Kisha, ng'ambo ya matete, tukasikia.

"Mwalimu Ndimbo, nakuheshimu. Lakini watu hawa wanakushukuru kama waliopewa blanketi. Utafiti si blanketi."

"Mama, hawakuwa wao leo. Unajua, mimi naishi nao, tunabishana kila siku—"

"Nimewauliza. Wamenijibu. Mtu asiyeona kosa katika jambo, jambo hilo si lake, ni lako. Kesho asubuhi naondoka. Samahani."

Tunu alitoka nje, akasimama kwenye baridi ambayo siku zote aliikimbia. Nilimfuata na kipande cha muwa, maana sikujua nimpe nini. "Deo," alisema, "tumewafundisha kusoma panya, Kaspari amekwenda kuwafundisha kuwa kasuku." Mama Leokadia alibaki jikoni. Alikuwa akichuja kimea cha pombe. Kesho yake ilikuwa zamu ya kuezeka kihenge kipya, watu wameshaitwa, na huku kwetu mtu akiita watu kazini hawezi kuwaita kwa mikono mitupu.

Asubuhi Landrova iliunguruma. Lakini njia ya kutoka kijijini ilipita hapo hapo penye kihenge, na watu walikuwa wamejaa, wengine juu wakifunga nyasi, wengine chini wakirusha matita, na katikati chungu kikubwa cha kimpumu, ile pombe ya ulezi tunayoitia maji ya moto na kuinyonya kwa mrija, mmoja baada ya mwingine. Kupita bila kushuka ingekuwa tusi hata kwa mtu wa chuo kikuu. Mama Leokadia alikwenda mlangoni mwa gari akamnyooshea mrija. "Mama, nyonya ndipo uende." Mama Tathmini akashuka. Akakalishwa kwenye gogo kati ya mzee wa kofia ya sufu na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Akanyonya. Macho yakamtoka, miwani ikapata ukungu, akanyonya tena.

Na watu, wakiwa wamesahau ubao wa Ndugu Kaspari, wakaanza kusema.

"Pombe yenyewe imepwaya," alisema mzee wa kofia ya sufu. "Leokadia, kimea umekianika kivulini?"

"Wewe nyonya, meno yako ndiyo yaliyopwaya."

"Na nguzo za kihenge hiki ni fupi. Nilisema tangu mwanzo. Mbuzi akipanda juu ya mbuzi mwenzake anafika."

"Mwalimu alikataa," akasema mmoja kutoka juu ya paa. "Alisema kitabu kimepima hivyo."

"Kitabu hakina panya!"

"Huyu Tunu naye anakuja kuuliza maswali ugali ukiwa motoni. Nimeunguza mara mbili."

"Ya pili uliunguza mwenyewe, mama!" Tunu akadakia. "Ulikuwa unamsengenya wifi yako, usinisingizie!"

Watu walicheka hata paa likatikisika. Ndugu Kaspari alikuwa amegeuka rangi ya majivu yetu. "Wananchi! Wananchi! Mpango ni mzuri, hauna—"

"Kaspari, kaa chini, zamu yako ya mrija imefika."

Mwalimu Ndimbo alinitazama kwa macho ya mtu anayezama. Nikaona kazi ni moja tu: kuwafunika kwa wimbo. Nikaanza wimbo wa kulima kwa sauti ambayo, sitii chumvi, ilishusha ndege wawili. "Deo, nyamaza," akasema Mama Leokadia. "Watu wanafanya kazi." Kisha akamgeukia mgeni mwenyewe. "Na wewe, mama. Jana ulikula paja moja la jogoo ukamwacha karibu mzima. Na maswali yako yamekaa upande. Unauliza tumekosea wapi, utadhani hakimu. Uliza kazi imefika wapi, makosa utayakuta njiani."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua Mama Tathmini alikuwa ameitoa kalamu.

"Kwa nini jana hamkuyasema haya?"

"Jana ulikuwa mgeni," akasema Mama Leokadia.

"Na leo?"

"Leo umeshika mrija."

Hapa niwaelezee wasomaji wangu wa mbali, maana Mama Tathmini hakueleza, alielewa tu, na hiyo ndiyo tofauti ya msomi na msomi. Kwetu, pombe ikitoka, mgeni husema tamu hata kama imechacha. Mwenye nyumba ndiye anayelalamika. Ukisikia mtu anasema kimea kimeungua, chumvi imezidi, ukuta umepinda, jua kwamba anataja cha kwake. Cha jirani mtu hukisifu akaenda zake. Siku ile ya mkutano tulimpa Mama Tathmini heshima yote ya mgeni, na kwa heshima hiyo tukakaribia kuua mpango wetu kwa mikono yetu. Nimewahi kukaa kwenye vikao vingi vya tathmini tangu siku zile, vya kisomo, vya visima, vya chanjo, na kila mara watu wakisifu mno, mimi huomba kikao kihamie jikoni.

Alikaa mpaka paa likaisha. Aliuliza juu ya nguzo, juu ya udongo wa kichuguu, juu ya majivu. Aliinama na akina mama akasomeshwa nyayo za kenge. Halafu akauliza swali jingine. "Hiki kihenge kikimalizika mtatia nini?"

Mwalimu akasema mahindi kidogo ya shamba la kijiji, ya majaribio.

"Panya wakiyala, nani atalia?"

Ya kijiji yalikuwa ya wote, na ya wote, tuseme ukweli, hayakumliza mtu.

"Nitatia yangu," akasema Mama Leokadia.

"Kiasi gani?"

"Yote."

Shemeji yake alishuka paani kama gunia. "Shemeji, una wazimu? Mwaka jana hukukoma? Tia nusu!"

"Nikitia nusu nitajua nusu."

Mama Tathmini alivua miwani akaifuta kwa kanga ya mwanamke aliyekaa naye, bila kuomba. Akasema ataandika kwamba mpango uendelee mpaka kihenge kifunguliwe. Ataandika pia kwamba nguzo ni fupi na Mwalimu ni mbishi. "Na siku ya kufungua," akasema, "nitakuja mwenyewe. Msifungue bila mimi." Ndugu Kaspari akaanza kupiga makofi, akagundua yuko peke yake, akachukua mrija.

Nguzo ziliongezwa. Mwalimu mwenyewe alichimba mashimo mapya, ndevu zimejaa vumbi, mzee wa kofia ya sufu akimsimamia kama nyapara na kumwambia kila baada ya majembe mawili kwamba kitabu chake kingesaidia kushikilia mlango. Mavuno yakaingia. Nilibeba mahindi ya Mama Leokadia mgongoni, magunia elfu, na kila gunia nililomimina nilimgeukia nione kama atanizuia, maana hakubakiza hata kikapu cha akiba ndani. Kifuniko kikapakwa udongo. Miezi ya kiangazi ikapita, tukisoma majivu kila asubuhi: nyayo zilifika kwenye nguzo, zikazunguka, zikaondoka. Lakini nyayo za chini hazisemi ya juu. Mama Leokadia alikula viazi na maboga na cha watu, na watu waliokuwa wakimcheka waliacha kumcheka, wakaanza kupita pale asubuhi kwa kisingizio cha kuni, kuangalia majivu na wao. Mvua zilipoanza, mwezi wa kupanda ukiwa mlangoni, nilimwona akiwa amesimama chini ya kihenge kile ameweka kiganja kwenye ukuta wake, kama unavyompima mtoto homa.

Siku ya kufungua Landrova ilikwama kwenye matope mbali huko, na Mama Tathmini alifika kwa miguu, koti lake la mvua limekuwa zito kama mkungu wa ndizi, viatu mkononi. Kijiji kizima kilikuwepo, na waliokosa nafasi chini walikuwa juu ya miti. Mwalimu aliandaa hotuba. Mama Leokadia alipanda ngazi kabla haijaanza. Alivunja udongo wa kichuguu kwa kisu, akainua kifuniko, akaingiza mkono. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, ukasimama. Ukatoka umejaa mahindi, makavu, mazima, meupe kama meno ya mtoto. Na papo hapo, kabla hatujapata hata pumzi ya kushangilia, panya mmoja alichomoka kwenye kile kifuniko, akamkanyaga begani, akarukia ngazi, akapita katikati ya miguu yetu akiwa amenona kama diwani.

"Huyo alikuwa kwenye nyasi za paa," Mwalimu akasema upesi, akimtazama Mama Tathmini. "Amepita tu."

Tunu alishikilia kalamu hewani.

"Ametoka humu ndani, Mwalimu," akasema Mama Leokadia kutoka juu ya ngazi, mikono yote miwili imejaa mahindi yake, na sauti ile ya ng'ambo ya bonde imemrudia. "Tumeangaliana uso kwa uso. Mwandikeni na yeye."

Tunu akaandika. Mama Tathmini alicheka mpaka akaegemea nguzo, kisha akauliza, "Sasa ameingilia wapi?" Na kijiji kizima kikamjibu kwa mara moja, mzee wa kofia ya sufu akisema paani, shemeji akisema kifunikoni, akina mama wakisema siku ya kujaza, kila mtu akimkatisha mwenzake, mvua ikitunyeshea na hakuna aliyekwenda kujikinga. Mwalimu Ndimbo akavua viatu vyake, akapanda ngazi kwenda kutazama.